Kijana wa Nkuhungu anauliza: nitaendaje chuo kwa baiskeli kwenye barafu?

Swali: "Shikamoo fundi. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Oulu, Ufini, na ninaondoka mwezi wa nane. Chumba nilichopangiwa kipo kilomita 6 kutoka chuoni, na wenyeji walioniandikia wanasema wao huenda kwa baiskeli mwaka mzima, theluji iwepo isiwepo. Mimi nimenyonga Phoenix tangu darasa la nne, na kwa miaka mitatu nimetoka Nkuhungu hadi Chuo Kikuu cha Dodoma na kurudi kwa baiskeli hiyo hiyo. Lakini barafu nimeiona kwenye friza tu. Inawezekana kweli? Na nijiandaeje kwa ile miezi ya mwanzo wa baridi, ambayo kila mtu ananitisha nayo?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana kwa nafasi hiyo. Inawezekana. Niliishi Oulu majira manne ya baridi, mchana nikisoma na jioni nikishika spana kwenye karakana ya baiskeli, na safari zangu karibu zote za mjini nilizifanya kwa magurudumu mawili. Mji ule upo kwenye nyuzi 65 kaskazini mwa Ikweta, lakini asubuhi ya Januari unawakuta wazee wakienda dukani kwa baiskeli, na baiskeli za wanafunzi zimepangwa nje ya shule zikiwa zimefunikwa na theluji kwenye viti. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa watu wanaoshughulikia uendeshaji wa baiskeli majira ya baridi ulifanyika huko huko Oulu, mwaka 2013. Kwa hiyo usiwe na shaka kwamba wenyeji wamekutania. Ila swali lako la pili, la miezi ya mwanzo, ndilo linalonifanya nikujibu kwa kirefu, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoumia.

Sisi watu wa huku tukiisikia baridi ya kule tunaogopa theluji inayofika magotini na nyuzi 20 chini ya sifuri. Hizo zitakuja, na utazizoea upesi kuliko unavyodhani. Theluji iliyokwisha kushindiliwa na mashine, ikakutana na baridi kali, inakuwa ngumu na kavu. Ukipita juu yake inalia chini ya tairi kama kiatu kipya, na tairi linashika vizuri, karibu kama barabara ya vumbi iliyomwagiwa maji na kushindiliwa. Kinachoangusha watu ni nyuzi sifuri yenyewe. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando mwembamba wa maji juu yake, na utando huo ndio unaotelezesha. Barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri ina hatari ndogo kuliko barafu ya nyuzi 1 chini ya sifuri, ingawa mwili utakwambia kinyume, kwa sababu siku ya nyuzi 1 utajisikia vizuri na utataka kukimbia.

Sasa fikiria Oktoba na Novemba. Mchana joto linapanda juu ya sifuri kidogo, mvua inanyesha au theluji ya kwanza inayeyuka. Usiku linashuka. Maji yote yaliyotapakaa barabarani yanaganda, na asubuhi unatoka nje unaona lami nyeusi inayong'aa kama imelowa tu. Haijalowa. Ni barafu nyembamba isiyo na rangi, na lami unaiona kupitia kwake kama unavyoona sakafu ya bafu chini ya maji ya sabuni.

Mimi iliniangusha kwenye daraja dogo la mbao, mwishoni mwa Oktoba ya mwaka wangu wa kwanza. Ilikuwa yapata saa mbili kasorobo asubuhi, bado kuna kiza. Njia yote kutoka nyumbani ilikuwa kavu, nami nilikuwa nimechelewa. Nilipokaribia daraja nikagusa breki ya mbele kidogo tu, kama ninavyofanya nikikaribia tuta pale Majengo, hapa Dodoma. Sikusikia tairi likiteleza, wala sikupata nafasi ya kuyumba. Nilikuwa juu ya baiskeli, halafu nilikuwa nimelala ubavu, begi limenitangulia mita tatu mbele na gurudumu la nyuma linazunguka polepole karibu na sikio langu. Mbao za daraja zilikuwa na sakitu nyeupe, ile ile inayounguza viazi vya ndugu zetu wa Makete na Njombe, nyembamba kama unga uliopepetwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake alishuka kabla ya daraja, akaisukuma akitembea mpaka nilipo, akaniuliza kama nimevunjika, kisha akanionyesha kwa kidole matairi yake. Nilirudi nyumbani na kiwiko kilichochubuka na somo moja: daraja huganda kabla ya barabara. Ardhi imehifadhi joto la kiangazi chini yake, lakini daraja lina hewa baridi juu na chini.

Sehemu nyingine zinafuata mantiki hiyo hiyo. Oulu ina njia nyingi za baiskeli zinazopita chini ya barabara za magari, na pale mdomoni mwa njia hizo maji ya theluji hutiririka mchana na kuganda usiku. Kivuli cha misonobari kinaacha barafu mahali ambapo pengine pote pamekauka. Mifuniko ya chuma ya mitaro na ile mistari iliyopakwa rangi kwenye vivuko vya watembea kwa miguu inateleza hata ikiwa imelowa tu. Kuna na majani yaliyoanguka, ambayo theluji ya kwanza huyafunika, ukakanyaga ukidhani ni theluji kumbe chini yake kuna uji. Na penye taa za kuongozea magari, pale yanaposimama na kuondoka, matairi yao huisugua barafu mpaka inakuwa kama kioo.

Kipo kitu kimoja cha kusikiliza kwa sikio. Lami ikiwa imelowa, tairi linatoa sauti ya maji, ile ya "shsh" mfululizo. Ukiisikia sauti hiyo inakatika ghafla na huku barabara bado inang'aa, jua upo juu ya barafu. Usifanye chochote wakati huo. Usikate kona, usishike breki, acha kunyonga kwa nguvu, iache baiskeli iende yenyewe moja kwa moja mpaka sauti irudi.

Hapo ndipo wewe una faida kuliko mgeni aliyekulia kwenye lami. Kumbuka kiangazi, ukiacha barabara kubwa na kushika njia ya panya inayokatiza korongo. Gurudumu la mbele likigusa mchanga, usukani unataka kukimbia wenyewe. Wewe unafanya nini? Hukazi mikono. Hushiki breki ya mbele. Unaulegeza usukani kidogo, macho unayatupa ng'ambo unakokwenda, unaendelea kunyonga kwa mwendo ule ule mpaka umevuka. Asiyeijua njia anabana breki katikati na anakwenda chini. Mwili wako umejifunza jambo hilo tangu darasa la nne bila mtu kukufundisha, na ndilo jambo lenyewe utakalolihitaji Oulu. Mchanga una huruma kwa sababu unakupunguzia mwendo na kukuonya kabla. Barafu haionyi. Kwa hiyo kile unachokifanya korongoni baada ya kuona mchanga, kule utakifanya muda wote, hata unapodhani pako salama.

Breki ya barafuni ni ya nyuma. Gurudumu la nyuma likiserereka unaweza kulirudisha kwa kulegeza breki na kuelekeza usukani kule linakokimbilia, lakini la mbele likiserereka umeshaanguka kabla hujajua. Anza kupunguza mwendo mapema, mara mbili au tatu ya umbali uliouzoea, tena ukiwa umenyooka. Kazi ya breki iishe kabla ya kona, ili ndani ya kona usishike kitu. Kona yenyewe ikate kwa upana, baiskeli ikiwa wima. Ule ulalo mzuri tunaoufanya tukishuka mteremko uache nyumbani. Usisimame juu ya pedeli. Shusha kiti upana wa vidole viwili, ili miguu ifike chini upesi ikibidi.

Na ukianguka, maana siku moja utaanguka, jitahidi usinyooshe mkono kuipokea ardhi. Ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Mikono ikibaki kwenye usukani, utaangukia paja na bega, na nguo nzito za baridi zitapokea sehemu kubwa ya pigo. Kofia ngumu ivae kila siku.

Kuna barafu ya aina nyingine ambayo kwetu nimeiona kwenye udongo wa mbuga. Unajua ng'ombe wakipita kwenye udongo mweusi uliolowa, halafu jua likapiga siku tatu? Zile kwato zinabaki zimegandamana, ngumu kama zege, na baiskeli inarukaruka humo kama imepagawa. Theluji iliyolowa hufanya hivyo hivyo: mchana watu na magurudumu wanaichonga mitaro, usiku mitaro inaganda. Tairi likiingia kwenye mtaro wa namna hiyo, mtaro ndio unaoamua unakwenda wapi. Uvuke kama unavyovuka reli ya kati pale mjini. Ukiingia kwa mshazari chuma kinalikamata gurudumu, ukiingia ukiwa umeikabili kwa pembe ya mraba unapita. Kama huwezi, shuka usukume. Hakuna atakayekushangaa.

Nije kwenye matairi, maana hapa nisingependa ujifunze kwa kiwiko kama mimi. Kwenye ukuta wa karakana yangu pale Majengo linaning'inia tairi moja nililorudi nalo, na kila mteja mpya huja kuligusa. Ukipitisha kidole gumba juu yake unasikia vichwa vya misumari midogo ya chuma, kila kimoja kama punje ya uwele, vimechomoza kwenye mpira kwa kiasi cha milimita moja hivi. Ncha zake ni za kabidi ya tangisteni, ile ile inayowekwa kwenye biti za kutobolea zege, kwa sababu chuma cha kawaida kingeisha upesi kwenye lami. Matairi mengine yana vichwa 100 hivi, mengine yanapita 300. Yenye safu mbili yanafaa kwa barabara zinazosafishwa, yenye safu nne yanakusaidia hata ukiwa kwenye ile mitaro niliyokueleza, kwa kuwa kuna misumari pembeni ya kung'ang'ania. Wafini na matairi ya baridi ni watu wa siku nyingi: tairi la kwanza la majira ya baridi, la malori, lilitoka kwenye kiwanda chao mwaka 1934, cha kampuni ambayo leo inaitwa Nokian.

Yanunue Septemba. Nakusihi katika hili kuliko mengine yote. Utaona Septemba bado kuna jua, majani yanageuka rangi, na utaona ni upuuzi kutoa hela ya mwanafunzi kwa ajili ya misumari. Mwaka wangu wa kwanza nilisubiri. Siku tatu baada ya kuanguka darajani nilikwenda dukani nikakuta rafu ya saizi yangu ni tupu, na fundi akaniambia foleni ya kufungiwa matairi ni wiki mbili. Wiki mbili hizo nilitembea. Miaka iliyofuata, nikiwa upande wa pili wa kaunta, niliona jambo lile lile kila mwaka: asubuhi ya barafu ya kwanza mlango unafunguliwa na mstari umeshafika barabarani, na wengi wao ni wageni.

Kama mfuko unaruhusu tairi moja tu, lifunge mbele. Nimeshakwambia sababu. Yakishafungwa, nyonga kilomita 40 hadi 50 za mwanzo kwenye lami kavu kwa upole, bila kushika breki kwa nguvu wala kuondoka kwa kishindo, ili misumari ikae vizuri kwenye mpira, la sivyo itang'oka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyanunua mapema. Kwenye lami tupu yatapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, na baiskeli itakuwa nzito. Usikate tamaa ukayavua. Siku utakayoyahitaji haitakupigia hodi.

Upepo wa ndani ya tairi nao una mambo yake. Hewa ikipoa hujikunyata. Tairi ulilolijaza ndani penye nyuzi 20, ukalitoa nje penye nyuzi 10 chini ya sifuri, mgandamizo wake unashuka kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi bila pancha yoyote. Kwa hiyo pima upya baridi inapoongezeka. Siku za barafu uache uwe mdogo kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ili misumari mingi zaidi iguse chini, na lami ikiwa kavu uongeze.

Baiskeli yenyewe usihangaike kuibeba kutoka huku. Wanafunzi wanaomaliza huuza zao kwa bei ndogo, nawe unafika wakati mzuri. Tafuta yenye breki ya nyuma ya kurudisha pedeli, ambayo inafungia ndani ya haba, yaani kile kitovu cha gurudumu. Unajua Phoenix yako ikinyeshewa breki zake hazishiki mpaka ringi ikauke. Kule ringi inapakwa barafu, na waya wa breki ukiwa umeingia maji unaganda ndani ya mpira wake, unabana mkono na hakuna kinachotokea. Breki ya ndani ya haba haina waya, na theluji haiifikii. Ipo kwenye baiskeli nyingi za kawaida za kule. Angalia pia nafasi kati ya tairi na madigadi. Ikiwa ndogo, theluji itajazana humo mpaka gurudumu lisimame.

Kosa linalofanywa na karibu kila mgeni ni kuionea baiskeli huruma na kuilaza chumbani. Theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye waya, kwenye friwili (ile gia ya gurudumu la nyuma) na kwenye kufuli, halafu asubuhi unaitoa nje na yote yanaganda kwa pamoja. Utakanyaga pedeli zizunguke bure kama baiskeli iliyokatika mnyororo, kwa kuwa vile vimeno vya friwili vimegandiana na grisi na haviinuki. Ikae nje chini ya paa, au kwenye banda lisilo na joto. Ikibidi kuiingiza ndani, iache ikauke kabisa kabla ya kutoka. Kufuli litie mafuta mepesi kabla baridi haijaanza, na usilimwagie maji ya moto hata likigoma, maana maji hayo ndiyo barafu ya kesho.

Njia nyingine wanazimwagia kokoto ndogo zilizosagwa, na barabara kubwa wanazitia chumvi. Chumvi inayeyusha barafu ikiwa karibu na sifuri. Baridi ikizidi haisaidii sana. Kwa mnyororo ni sumu. Umeona baiskeli iliyokaa Tanga au Bagamoyo inavyoliwa na hewa ya bahari? Huko inachukua mwaka, kule inachukua wiki. Weka kitambaa mlangoni, ufute mnyororo na kuutia mafuta kidogo kila Jumamosi. Kokoto hazina shida mpaka zikiachwa wazi theluji inapoisha, hapo pancha zinaanza, lakini hiyo ni habari ya Aprili.

Giza ndilo litakalokushangaza kuliko baridi. Sisi Dodoma mchana wa Juni na mchana wa Desemba hautofautiani hata saa moja. Jua linazama tukilijua. Kule siku zinakatwa kila wiki, unaziona zinakatwa, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, ikawa Jumatatu unatoka darasani jioni ukakuta usiku umeshaingia. Katikati ya Desemba jua hutoka baada ya saa nne asubuhi, na saa nane mchana na dakika chache limeshazama. Novemba kabla theluji haijatulia ndiyo yenye kiza kizito zaidi, kwa kuwa ardhi ni nyeusi na imelowa, haina cha kurudisha mwanga. Theluji ikishalala, hata taa moja ya barabarani inaangaza mtaa mzima.

Sheria ya Ufini inataka taa nyeupe mbele, na tangu mwaka 2020 taa nyekundu nyuma pia ni lazima ukiendesha gizani. Nunua zenye nguvu, si zile za kuonekana tu. Unataka kuiona barafu, na mwanga ukipita chini chini barafu inang'aa kuliko lami, utaiona kama kipande cha kioo kilichotupwa. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, za taa na za simu vilevile, kwa hiyo ukifika darasani taa ziingie mfukoni, simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Valia viakisi mwanga mikononi na miguuni. Wenyeji huvaa hata watembea kwa miguu, wazee kwa watoto.

Mavazi nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa wenzako wa kule watakufundisha vizuri. Vaa kiasi kwamba dakika tano za mwanzo unasikia baridi. Ukitoka umepata joto tayari, utafika chuoni umelowa jasho, na jasho ndilo litakalokutetemesha darasani. Ndani vaa sufu au nguo ya michezo, usivae pamba, kwani pamba ikilowa haikauki. Mwili wenyewe utapata joto kwa kunyonga. Wasiofanya kazi ni vidole, masikio na uso. Nyuzi 10 chini ya sifuri ukiwa unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi ya uso inasikia kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja, ila zijaribu kwanza kama unashika breki nazo. Viatu viwe vikubwa kidogo, vyenye nafasi ya soksi ya pili. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na mguu unaganda hata ukivaa soksi tatu.

Kuna siku hutanyonga, nami nataka ulijue hilo mapema ili usijione umeshindwa. Mvua ikinyesha ardhi ikiwa imeganda, kila tone linageuka barafu likigusa chini, na hata misumari inahangaika. Siku theluji nzito ya kwanza inadondoka, mashine hazijapita, na madereva wenyewe ndiyo kwanza wanakumbuka namna ya kusimama. Njia zitakuwa na ule uji wa theluji na maji, wenyeji wanauita "loska", unaolisukuma gurudumu huku na kule. Siku hizo panda basi, au tembea. Magari kule yanalazimika kufunga matairi ya baridi hali ya hewa ikidai, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, lakini gari lenye matairi mazuri bado linapita taa nyekundu likiserereka, nimeliona kwa macho yangu. Kwenye makutano usiamini kwamba limesimama mpaka limesimama, na usipite mbele yake kwa sababu tu una haki ya kupita.

Asubuhi za kawaida kabla ya kutoka, soma kipimajoto. Kikionyesha kati ya nyuzi 3 juu na nyuzi 3 chini ya sifuri, ondoka robo saa mapema kuliko kawaida. Nilipokuwa mgeni nilidhani robo saa hiyo ni ya uvivu. Kumbe ndiyo inayokuwezesha kushuka darajani na kusukuma bila moyo kukwenda mbio, kama yule mama alivyofanya.

Mpaka uondoke, una wiki kadhaa za kiangazi cha Dodoma, na mchanga umejaa. Legeza breki ya mbele ya Phoenix kabisa na ukae nayo hivyo kwenye njia za mitaani zisizo na magari, siku mbili tatu, mpaka mkono uache kuitafuta. Halafu tafuta korongo pana, upite mara kumi kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukijaribu usiguse chini. Kisha zungukia humo humo mchangani, duara kubwa, baiskeli ikiwa wima. Upande mmoja utakuwa mgumu kuliko mwingine. Rudia ule mgumu.

Pita karakana asubuhi moja kabla ya safari, kabla jua halijapanda na wateja hawajawa wengi. Nitaliteremsha lile tairi ukutani tulifunge kwenye gurudumu lako la mbele, ujifunze kulivua na kulifunga mwenyewe ukiwa umevaa glavu, maana pancha ya Novemba utaiziba barabarani ukiwa peke yako.